Mkubwa arudi majini, ila arudi akiwa mzima

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza mvuvi wa ndoano akinasa samaki mkubwa amchukue au amrudishe, mi nimeona nijibu kwa urefu kidogo maana hili jambo limeshanigombanisha na mjomba wangu wa Ukerewe na mpaka leo hatujamalizana.

Niseme kabisa mi sio mvuvi wa kazi. Navua wikiendi na rodi yangu pale kwenye mawe ya Ziwa Victoria huku Mwanza, na mara mojamoja tunachanga hela ya mafuta na washkaji tunakodi mtumbwi wa mashine tunasogea mbele kutafuta sangara. Kwahiyo nikisema samaki arudishwe najua nasema nikiwa na mshahara wangu pembeni, yule anayesomesha watoto kwa nyavu anivumilie.

Jibu langu ni arudishwe. Wa kati ndo wa sufuria, mkubwa arudi. Watu wengi wanadhani ni kinyume, kwamba mdogo umwonee huruma ndo anakua na mkubwa ameshamaliza kazi yake, lakini samaki sio ng'ombe wa maziwa, hazeeki akaacha kuzaa. Sangara jike akikua mayai yanaongezeka kuliko hata uzito unavyoongezeka, mmoja mkubwa anabeba mayai mamilioni, hata ukikusanya majike wadogo wenye kilo zilezile kwa pamoja hawamfikii. Na ukimwona sangara wa mita na zaidi ujue karibu kila mara ni jike, madume huwa hayafiki huko. Yaani ukichagua wakubwa tu umechagua kina mama watupu. Ndo maana kile kipimo cha sangara wa kuvuliwa cha nchi zetu tatu za ziwa, sentimita 50 mpaka 85, kilikuwa na kichwa na mkia: chini ya 50 mwache hajazaa, juu ya 85 mwache ndo anazaa haswa. Watu walikishika kichwa, mkia wakauacha.

Wa pwani nao wasijione hawahusiki. Chewa wengi wa kwenye miamba wanaanza maisha wakiwa majike halafu wakishakuwa wakubwa wanageuka madume. Kwahiyo ukishindana na wenzako nani kaleta chewa mkubwa mnabeba madume yote mnaacha majike peke yao, sijui mnategemea wazae na nani.

Sasa mjomba. Siku ya kwanza nimemwambia nimemwachia sangara wa kama mita moja kwenye mawe, aliweka kijiko chini akaniangalia, akauliza, "Umemwachia nani?" Nikamwambia nimemwachia ziwa. Akasema ziwa halina njaa. Halafu akanipa hoja ambayo kusema kweli ina uzito, kwamba sangara mwenyewe ni mgeni, aliletwa miaka ya 50 na 60, akawamaliza furu wetu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, aina kwa aina, na yule mkubwa anakula mpaka watoto wake, kwahiyo kumtoa ni kulisaidia ziwa. Ni kweli sangara anakula wenzake, hilo halina ubishi. Ila mjomba huyohuyo nyumba yake ya bati kaijenga kwa sangara, na ukimuuliza mbona siku hizi mnaenda mbali sana na mnarudi na vidogo anaanza kulaumu makokoro, zile nyavu za kukokota. Huwezi kumwita adui asubuhi halafu jioni unalalamika amepungua.

Ila kuna siku alinishinda na hii naisimulia kwa aibu. Tulikuwa kwenye mtumbwi, maji ya kina, nikanasa mmoja mkubwa haswa, mkono unatetemeka, nikamvuta kwa pupa maana nilikuwa naogopa mshipi utakatika, alipofika juu tumbo limejaa kama puto. Tukapiga picha, kila mtu na yake, mmoja akasema ngoja simu yangu ilikuwa imejifunga, tukarudia, ndo nikamtupa majini najiona mtu mwema. Akalala ubavu. Tukamsukumasukuma na kasia, hazami. Bondo, ule mfuko wa hewa tumboni, ndo linalomsaidia kuelea, sasa ukimpandisha haraka kutoka chini hewa inatanuka humo ndani hawezi kurudi tena. Tukaondoka tumemwacha anaelea, na hatujafika mbali tukaona mtumbwi mwingine umemfuata, wakamwopoa, na naamini kabla hawajafika mwaloni kushusha samaki bondo lilikuwa limeshatolewa pembeni, maana bondo la sangara mkubwa likikauka linasafiri mpaka China na bei yake nyie mnaijua. Mjomba nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa, akasema kumbe unawavulia wenzio.

Tangu hapo naweka masharti. Nikivua maji ya kina na nikaona samaki ameshavimba simrudishi, namchukua, naacha kuvua siku hiyo, kwisha. Kurudisha mfu ni kutafuta sifa. Nikiwa kwenye mawe, maji mafupi, namtoa ndoano akiwa bado majini, mikono nimeilowesha, ndoano nimeibana ule mwiba wake na koleo nikiwa nyumbani, picha moja kama ipo. Simlazi juu ya jiwe la jua wala simning'inizi kwa taya kama jaketi, samaki wa kilo 20 ukimning'iniza hivyo uzito wote unavuta shingo. Wale watalii wanaoenda Murchison Falls kule Uganda kuvua sangara na kuwaachia wanalipa hela nyingi kwa hiyo raha, na samaki yuleyule anaweza kumlipa mwongozaji mwaka huu na mwakani, hilo nalo nilimwambia mjomba akasema basi walete watalii Ukerewe.

Na hapa ndo nakubaliana naye upande mmoja. Mvuvi wa nyavu huwezi kumwambia arudishe mkubwa. Sangara kwenye nyavu iliyolala usiku kucha anatoka ameshakufa, sasa arudishe nini, mzoga? Ukimbana hapo unamfundisha tu kukata vipande gizani na kuuza kayabo, samaki wa chumvi. Uamuzi wa mtu wa nyavu unafanyika dukani, siku anachagua macho ya nyavu inchi ngapi, na kama serikali inataka wakubwa wabaki iwafuate wanaouza na kuingiza nyavu za macho makubwa kupita kiasi zinazonasa hao wakubwa, na wanunuzi wa mabondo, isimsubirie mtu mwaloni na rula. Sisi wa ndoano ndo tuna bahati, samaki anafika mkononi akiwa hai, tunaweza kuchagua. Kwahiyo kwetu sioni kisingizio.

Kwenye rodi yangu nimezungushia tepu ya umeme sehemu mbili, 50 na 85. Mwezi uliopita nilipata wa 70, nikampelekea mjomba mzimamzima. Alimpima kwa shubiri, akamgeuza, akasema huyu mdogo, mama yake yuko wapi.