Re: Wakala ataka shilingi 80,000 ampeleke mwanangu majaribio Uturuki

Salaam aleikum dada. Nimekuelewa hivi: kijana ana miaka 17, anacheza mpira hapa Malindi, na huyo wakala anataka pesa za majaribio pamoja na sahihi ya mkataba wa miaka mitano.

Usitoe hata senti kwanza. Mtake jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, ulitafute kwenye orodha ya mawakala katika tovuti ya FIFA. Tangu Oktoba 2023 kanuni zinamtaka awe na leseni, na leseni ni ya mtu, si ya kampuni. Karatasi ya kampuni yenye mhuri haitoshi.

Halafu, mkataba wa mchezaji na wakala haupiti miaka 2. Kubwa zaidi, FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18, ila kwa hali chache, kama wazazi kuhamia huko kwa sababu zisizo za mpira. Hata aking'ara kwenye majaribio, atasajiliwaje?

Mdogo wangu aliletewa mkataba wenye kifungu cha wakala kukaa na pasipoti yake. Tulikikata kwa kalamu mbele ya wakala huyo, jamaa akaaga na hakurudi tena. Wakala wa kweli hula kwenye mshahara wa mchezaji, baada ya kumpigania malipo, nyumba na matibabu akiumia.

Akileta barua ya mwaliko, iandikieni klabu yenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile ya kwenye barua. Na pasipoti abaki nayo kijana.