Trela Kwenye Mteremko: Upande Kwanza, Mbele Baadaye

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mke wangu tunaishi Ohio, Marekani, na tumenunua trela la kulala lenye ekseli mbili, lile linalovutwa na gari. Katika safari yetu ya kwanza tulipewa eneo lenye mteremko. Tulizungusha zile jeki nne za pembeni hadi trela likaonekana limenyooka, lakini asubuhi mlango ulikataa kufunga na friji ya gesi ilikuwa haijapoza kitu. Tulipaswa kufanyaje? — Msomaji wa Columbus

JIBU: Ndugu msomaji, jeki za pembeni hazikutengenezwa kuinua trela. Kazi yake ni kulituliza lisitikisike watu wanapotembea ndani. Zikibebeshwa uzito hupinda fremu, na fremu ikipinda mlango hauingii tena mahali pake. Kusawazisha hufanywa kwa magurudumu na kwa jeki ya mbele, tena kwa utaratibu usiogeuzwa.

Anzeni na kulia na kushoto, trela likiwa bado limeungwa na gari, kwa sababu mkishaliachanisha hamna tena namna ya kulipandisha juu ya mbao. Lazeni pimamaji, kile kifaa cha fundi chenye kiputo cha hewa, sakafuni kwa kukingama, inueni ncha iliyo chini hadi kiputo kikae katikati, kisha pimeni nafasi iliyobaki chini ya ncha hiyo. Tuseme pimamaji ina urefu wa sentimita 60, nafasi ni sentimita 2, na magurudumu ya pande mbili yameachana kwa sentimita 210: umbali huo ni mara tatu na nusu ya urefu wa pimamaji, basi upande wa chini unahitaji kuinuliwa sentimita 7. Mbao za ujenzi ambazo huko Marekani huitwa za inchi 2 zina unene halisi wa inchi 1.5, yaani sentimita 3.8, hivyo mbili zikipandana zinatosha, na ile nusu sentimita ya ziada hakuna atakayeihisi kitandani. Magurudumu yote mawili ya upande huo lazima yapande, kila tairi likikalia ubao kwa upana wake wote, na ubao wa chini uwe mrefu kuliko wa juu ili tairi lipande hatua kwa hatua. Mmoja wenu aendeshe polepole, na mwenzake asimame pembeni anapoonekana kwenye kioo, kamwe si nyuma ya trela.

Kisha wekeni kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu, pande zote mbili, kwani matrela mengi ya aina hii hayana breki ya kuegeshea. Mnapoachanisha, minyororo ya usalama ifunguliwe mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba trela halisogei.

Sasa geuzeni pimamaji ielekee mbele na nyuma, mkipandisha au kushusha jeki ya mbele. Ikiwa eneo linateremkia mbele, tangulizeni vipande vipana vya mbao chini ya jeki hiyo isije ikafika mwisho wake kabla ya trela kulingana. Ikiwa mbele kuko juu sana na jeki imekwisha kushuka yote, mimi ningeomba eneo jingine badala ya kushindana na kilima. Jeki za pembeni huja mwisho kabisa, na zikishagusa ardhi kwa kukaza kidogo, basi.

Kuhusu friji, ile ya gesi hupoza kwa mchanganyiko wa maji na amonia unaorudi chini kwa uzito wake wenyewe, bila pampu, kwa hiyo ikiinama mno mzunguko huzuilika, na ikiachwa iwake hivyo kwa muda mrefu inaweza kuharibika moja kwa moja. Izimeni, sawazisheni trela, kisha iwasheni na kuiachia usiku mzima kabla ya kuihukumu. Isipopoza hata hapo, mwiteni fundi wa majokofu ya aina hiyo.