Maswali ya Wasomaji: Tungule Zinazokufa Zingali Kijani

SWALI: Assalaam alaykum. Ninaishi Makunduchi, na uani nina matuta matatu ya tungule na mabilingani. Mwaka jana miche ilistawi, lakini ilipoanza kuchanua ikawa inalala mchana na kuinuka usiku, na baada ya siku chache ikafa ilhali majani bado ni ya kijani. Nilizidisha maji, yasisaidie. Sasa kipupwe kinakwisha na ninataka kupanda tena kabla ya vuli. Je, nitumie dawa gani?

JIBU: Wa alaykum salaam, bibi. Mche unaonyauka ungali kijani, tena kwenye udongo wenye unyevu, hutia shaka ya mnyauko wa bakteria waishio ardhini, na huenda maji uliyoyazidisha ndiyo yaliyowatoa shina moja kuwapeleka jingine. Siku nyingine ukiona dalili hiyo, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize ndani ya bilauri ya maji safi, ncha yake ya chini ikiwa imezama kidogo, kisha ukitazame kwa dakika chache bila kukitikisa. Zikiteremka nyuzi nyeupe mfano wa maziwa, ni bakteria hao, wala usipoteze fedha zako kwa dawa, kwa sababu hakuna ya kuuponya mche ulioambukizwa. Ung'oe na mizizi yake, uuchome moto, na jembe ulioshe kabla ya kuligusisha tuta jingine.

Kwa kuwa miche ya mwaka jana haipo tena ya kupimwa, mimi ningeyahesabu matuta hayo kuwa yana ugonjwa. Yapumzishe misimu kadhaa bila tungule, bilingani, pilipili wala mbatata, ambazo zote ni za ukoo mmoja, na badala yake upande mchicha au mahindi.

Tungule usiziache, ila zihamishe. Huko kwenu udongo ni mwembamba juu ya maweni, kwa hiyo mapolo matupu ya mchele, yaliyotobolewa chini na kujazwa udongo wa mahali pengine uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, yatakufaa kuliko tuta. Yapandishe juu ya mawe ili mizizi isifike ardhini. Sia mbegu kitaluni mapema mwezi wa Septemba, na baada ya wiki nne hivi miche itakuwa tayari kuhamishwa, wakati mvua za vuli zinapokaribia. Mwagilia asubuhi, kwenye shina na si juu ya majani, hasa ikiwa kisima chenu kina maji ya chumvi; na vuli ikianza, kinga maji ya paa kwenye pipa.

SWALI: Huku Wete shamba letu lipo mteremkoni, na kila vuli mbegu za mchicha husombwa na mvua. Tufanyeje?

JIBU: Matuta yakate mteremko kwa upana, yasiufuate kuelekea bondeni. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, basi zichanganye na mchanga mkavu, uzisie katika mistari yenye kina kifupi na kuzifunika kwa makuti. Mara tu zitakapochipua, yaondoe makuti hayo wakati wa jioni, kwani miche ikichelewa gizani hurefuka na kuwa dhaifu.