Kabla ya kuulizia maiki, niambie akaunti ya podikasti ni ya nani

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa binti wa Mwanza. "Shikamoo dada," akaanza, kisha akanieleza kwamba yeye na wenzake wawili wamekata shauri kuanzisha podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni, ya akina mama wanaouza dagaa. Wameshachanga laki tatu na wanataka niwatajie maiki ya kununua. Nilikuwa nasikiliza huku natabasamu, maana hamu aliyonayo naijua. Mwishoni kabisa, kama neno la kupita tu, akasema: "Akaunti atafungua rafiki yangu, yeye ndiye mwenye laptop."

Nikaurudia ujumbe mara mbili. Usingizi ukaniruka.

Mdogo wangu, maiki tutaizungumza. Ngoja kwanza nikusimulie yaliyonipata. Na nyie wengine mnaosoma hapa, najua wengi wenu mna podikasti kichwani inayowanyima raha, sogeeni. Hili sijawahi kuliandika lote.

Spotify, programu ya kusikilizia muziki na podikasti, ilifunguliwa Tanzania na Kenya Februari 2021. Mwezi uliofuata, mimi na mwenzangu niliyesoma naye tukaanza. Wazo lilikuwa langu, na nalisema hivyo bila aibu kwa sababu baadaye lilitaka kugeuzwa. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, na mitaani kwetu wazee waliopitia mashamba ya mkonge hawakosekani. Vitabuni utasoma kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893 na ni 62 tu iliyofika hai. Sawa. Ila nani aliukata mkonge huo miaka yote iliyofuata? Walikata manamba, vijana walioletwa kutoka Kigoma, Burundi na kwingineko, wakaitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. Nilitaka hao ndio wazungumze, kwa sauti zao, kabla hawajamalizika.

Tuligawana kazi. Mimi nilitafuta wazee, nikawahoji, nikaandika maelezo. Mwenzangu alikuwa na laptop, akahariri na kupandisha. Akaunti akaifungua yeye, kwa barua pepe yake. Sikuuliza hata nywila. Mtu umekula naye sahani moja chuoni miaka mitatu, utaanzaje kumuuliza nywila?

Kipindi cha 9 tulikwenda kurekodi Muheza, kwa mzee mmoja aliyekuja Tanga kutoka Kigoma akiwa kijana miaka ya 1950. Nyumba yake ilikuwa ya bati, mawingu yamefunga, nami naomba moyoni mvua isinyeshe. Nikakunja kanga mara nne, nikaiweka juu ya kigoda, simu nikailaza juu yake, shibiri moja kutoka mdomoni mwake. Akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Humo alikuwa amehifadhi kipande chake, ile kadi ya kazi yenye visanduku vya siku thelathini, imechakaa kwenye mikunjo mpaka unaona mwanga upande wa pili. Akanieleza jinsi nyapara alivyoweza kukukatalia siku kwa sababu mzigo wa majani umepungua, na wewe umeshinda juani. Halafu, bila kuombwa, akaimba wimbo waliokuwa wakiimba asubuhi wakienda kukata. Aliimba kwa Kiha. Nikamwomba anitafsirie, akacheka, akasema, "Mwanangu, huu hautafsiriki mbele ya mtoto wa kike."

Dakika 41. Ndicho kipindi bora nilichowahi kufanya, na sasa hivi nina vipindi 60.

Tulifikisha vipindi 14. Desemba akajitokeza mfanyabiashara mmoja wa mjini akataka kutangaza duka lake, shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Hapo ndipo maneno yalipoanza: nani amefanya kazi zaidi, jina ni la nani. Sitayarudia yote. Tulirushiana maneno Ijumaa, Jumapili asubuhi nikafungua simu, ukurasa wetu haupo. Nikafikiri ni mtandao. Nikanunua bando jingine. Haupo. Podikasti yote ilikuwa imefutwa, na mwenzangu hapokei simu.

Najua swali lililo kichwani mwako: rekodi zenyewe si ulikuwa nazo? Sikuwa nazo. Simu yangu ilikuwa na gigabaiti 32, kila wiki inaniambia imejaa, na mimi kila nikishamtumia mwenzangu rekodi, naifuta. Nilizifuta kwa vidole vyangu mwenyewe. Mama yangu aliposikia alisema neno moja tu, nalo lilinichoma kuliko yote: "Mali bila daftari hupotea bila habari."

Aprili 2022 yule mzee wa Muheza akafariki. Mjukuu wake akanipigia simu, akaniomba ile sauti ya babu yake waicheze msibani.

Sasa nielewe ninachokwambia. Podikasti si ule ukurasa unaouona kwenye Spotify au Apple Podcasts. Hizo ni kama magenge yanayouza bidhaa yako. Shina lake ni mlisho wa RSS, anwani moja ya mtandaoni inayotoka kwa huduma unakohifadhi vipindi. Humo mnakuwa na jina la kipindi, picha, maelezo, faili za sauti na barua pepe ya mwenye podikasti. Magenge yote yanasoma mlisho huo. Unapotaka kuthibitisha kwamba podikasti ni yako, namba ya uthibitisho hutumwa kwenye barua pepe iliyomo kwenye mlisho. Unapotaka kuhamia huduma nyingine, mwenye akaunti ndiye anayeweka maelekezo ili wasikilizaji wafuate bila kupotea. Asipotaka, umebaki na mdomo wako tu. Google Podcasts, genge jingine la aina hiyo, ilipofungwa mwaka 2024, waliokuwa na milisho yao hawakupoteza kipindi hata kimoja. Wasikilizaji walifungua programu nyingine wakawakuta palepale. Mlisho ukiwa wako, hayo yanapita.

Kwa hiyo binti wa Mwanza, kabla hujatoa shilingi katika hizo laki tatu, fungueni barua pepe mpya kwa jina la podikasti. Nywila muijue wote watatu, na namba ya simu ya kuirejesha isiwe ya mmoja anayeweza kununa. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe hiyo. Spotify for Creators ni bure, inatosha kabisa kuanzia. Kisha andikeni karatasi moja: jina ni la nani, pesa ikija inagawanywaje, mmoja akiondoka inakuwaje. Tieni saini. Usione aibu. Rafiki wa kweli hatakasirishwa na karatasi, na atakayekasirika amekuonyesha mapema.

Rekodi isifutwe. Ile ghafi, kabla haijakatwa. Iwe sehemu mbili, memori kadi na Google Drive, au flashi na kompyuta ya mtu mwingine. Simu ikijaa, futa picha za harusi za watu. Rekodi usiiguse.

Haya, maiki. Kwa kweli usinunue bado. Vipindi vyangu 20 vya kwanza baada ya kuanza upya, Agosti 2022, nimerekodi kwa simu ileile. Kinachoharibu sauti ni chumba. Mimi narekodia chumbani, godoro limesimamishwa ukutani, kabati la nguo liko wazi, feni imezimwa. Nimeshajua saa ambazo muuza kahawa anapita akigonga vikombe vyake, nazikwepa. Zima mtandao wa simu, maana ikipigwa katikati rekodi inaweza kukatika. Acheni sekunde kumi za ukimya mwanzoni. Mkiingia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, itachukua huo ukimya kama sampuli na kupunguza mvumo wa chumba chote. Na mkishahariri, toeni faili ya MP3 ya mono, yaani sauti ya njia moja, kilobiti 64 kwa sekunde. Nusu saa itakuwa kama megabaiti 14. Ukiacha stereo, ile ya njia mbili, ya 128 inakuwa mara mbili, na sauti ya mtu akizungumza haizidi uzuri kiasi hicho. Mama muuza dagaa ana bando la siku. Mheshimu bando lake.

Muziki wa mwanzo usichukue wimbo wa msanii kwa sababu unaupenda. Una mwenyewe. Na kama mtagusa habari na matukio, someni Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 na marekebisho yake, au nendeni ofisi ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, mkaulize kama kazi yenu inahitaji leseni. Kuuliza ni bure.

Halafu muanze. Nawaona wengi wanaosubiri. Wanasubiri maiki, wanasubiri studio, wanasubiri nembo ichorwe upya mara ya tano. Wale akina mama wa dagaa wapo ufukweni asubuhi hii, wanaongea, na hakuna anayerekodi. Mimi nimezika wazee wanne niliokuwa nimewaandika kwenye daftari kwamba "nitamhoji mwezi ujao". Wanne. Ukiwa na simu yenye chaji na mtu amekubali kuzungumza, huna udhuru. Kipindi cha kwanza watakusikiliza watu kumi na mmoja, kama walivyonisikiliza mimi, na cha pili kumi na watatu. Endelea. Ila endelea kwenye nyumba yenye hati yako.

Mwenzangu nimeshamsamehe. Nimejaribu kumtafuta kuhusu zile faili, kupitia ndugu zake pia, nikaambiwa laptop ile iliibwa. Nimeacha.

Lakini kuna jambo ninaomba. Yule mjukuu wa Muheza alikuja kupata kipande cha kipindi kwa binamu yake, kilikuwa kimetumwa WhatsApp. Ni dakika 18. Kinaishia pale mzee anapofungua kopo, wimbo haumo. Podikasti ilipofutwa, huenda baadhi ya programu hazikuyafuta mafaili ambayo wasikilizaji walikuwa wameshayapakua. Kama mwaka 2021 ulikuwa unasikiliza simulizi za manamba wa Tanga, na una simu ya zamani imelala droo, tafadhali ichaji uifungue. Tafuta kipindi cha 9, dakika 41, kinaanza na sauti ya jogoo halafu mimi nabisha hodi. Ukikiona, usikifungue kwenye mtandao kwanza, kisije kikajifuta chenyewe. Niandikie tu, nitakufuata popote ulipo.