Ukiambiwa ni Salmonella, uliza Salmonella ipi

Wanafunzi wenzangu wa maabara, mimi ni mtu wa Lamu, Langoni, nilifanya atachmenti Malindi, na nawaomba kitu kimoja tu, jina la bakteria lisomeni mpaka mwisho.

Ami yangu alirudi kutoka kliniki moja na karatasi ya kalcha ya choo, yaani kuotesha bakteria waliomo chooni, imeandikwa kwa kalamu "Salmonella", basi, hakuna zaidi. Nyumba nzima ikasema taifodi, khalati kashaanza kupiga simu Mombasa. Nikamwambia ami twende turudi tukaulize ipi, maana Salmonella ni jenasi tu, yaani jina la kundi, ndani yake mna spishi mbili, enterica na bongori, na hiyo enterica peke yake ina serova, yaani aina ndogo ndogo, zaidi ya 2,500! Wakapima tena kwa antisera, maji ya maabara ya kutambua serova, haikuwa Typhi, ile ya taifodi.

Hebu fikiria Ahmed Ali hapa kwetu wako wangapi, ndo maana twasema Ahmed wa Mkomani, Ahmed wa Langoni. Typhi ndo huo mtaa wake. Kwa hivyo yaandikwa *Salmonella enterica* serova Typhi, T kubwa na haiinamishwi, maneno mawili ya mwanzo ndo yanainama, yaani herufi za mlalo. Mimi mwaka mzima nilikuwa naandika typhi kwa t ndogo kama vile ni spishi, nimeitoa kwenye vitabu vya zamani.

Na msichoke majina yakibadilika. *Clostridium difficile*, bakteria wa kuharisha, tangu 2016 ni *Clostridioides difficile*, ukifupisha bado ni C. difficile, kwa hivyo kwenye daftari andika yote mawili, la zamani na jipya. Shigella nayo ndo iliyonishangaza zaidi: kwenye MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, koloni (vishada) za *E. coli*, bakteria wa matumbo, zatoka waridi sababu yala laktosi, sukari ya maziwa, za Shigella karibu zote zabaki hazina rangi, waziona kwa macho ni vitu viwili, lakini ukisoma DNA yao Shigella imo ndani ya *E. coli* kabisa. Jina la Shigella limebakishwa kwa ajili ya wagonjwa, kuharisha damu si jambo la kuchanganyia watu majina, na mimi naona walifanya sawa.

Mara ya kwanza kwenye ripoti andika jenasi kwa kirefu, tafadhali, hata kama una haraka. Hiyo S. yako yaweza kuwa Salmonella, Shigella, Staphylococcus au Streptococcus, na anayeisoma ni daktari ambaye hakuwa na wewe mezani.