Tableti imejifunga na picha za harusi zimo ndani

Pole sana dada yangu wa Wete. Umeniandikia kuwa umesahau namba ya siri ya tableti yako; hilo linatibika. Kinachonitia hofu ni hizo picha za harusi. Usimpe fundi aifute kwanza. Chukua simu yoyote, ingia Google Photos, yaani hifadhi ya picha ya Google mtandaoni, kwa imeili ile ile ya tableti. Kama uliwasha uhifadhi wa picha huko, utazikuta. Kadi ya memori nayo ichomoe.

Hapo sasa izime, na kwenye tableti nyingi za Android unabonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti mpaka itokee menyu yenye maandishi "Wipe data/factory reset", yaani kufuta kila kitu kilichomo; chagua hayo. Ikiwaka upya itadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Umesema uliinunua mkono wa pili Chake Chake; ikidai imeili ya aliyekuuzia, mtafute aiingize mwenyewe.