Mpiga solo wa sikio la kushoto

Swali lenu la wiki lilikuwa hivi: "Una shilingi elfu thelathini mfukoni. Utanunua hedifoni za aina gani, na kwa nini?"

Mimi nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, naingiza nyimbo kwenye memori kadi, na kwenye kioo cha mbele nimetundika iafoni za elfu tatu mpaka elfu saba. Kwa hiyo nina maslahi, nisiwafiche. Swali lenu lilinikera kidogo. Elfu thelathini! Mtaani kwetu kuna watu wanalisha nyumba siku kadhaa kwa hela hiyo. Nikataka kujibu kwa mstari mmoja tu: nunua za waya za elfu tano, zikifa nunua nyingine, hiyo elfu ishirini na tano mpelekee mama yako. Nikaanza kuandika hivyo kabisa. Halafu nikamkumbuka Baba Mdogo, mkono ukagoma.

Maana nyinyi mmeuliza aina gani. Hamkuuliza masikio ni ya nani.

Baba Mdogo anakaa Ujiji. Sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni. Lilitoa usaha, wakubwa wakalitilia mafuta ya mawese ya vuguvugu (msijaribu, pelekeni mtoto hospitali), na lilipokuja kukauka likakauka na usikivu wake. Yeye hulitaja kama mtu anavyotaja jino lililong'oka zamani. Ukikaa upande wake wa kushoto anakugeukia mwili mzima, wageni wanadhani ni heshima.

Na mzee huyu ni mtu wa rumba. Sisi wa Kigoma hilo halihitaji maelezo, Kongo iko hapo ng'ambo ya maji na muziki haujawahi kuuliza pasi ya kusafiria. Yeye nyimbo zake alizijua kwenye redio ya betri yenye spika moja, akiwa ameilaza begani upande wa kulia. Anajua kila gitaa linaingia wapi. Anajua mahali mwimbaji anapovuta pumzi.

Mwaka mmoja tulikwenda Tabora kwenye harusi, kwa treni, daraja la tatu. Kabla ya safari nilimrithisha simu yangu ya zamani ya tachi, nikamjazia memori kadi nyimbo zake, nikamchomolea iafoni za elfu tatu kutoka dukani kwangu. Nikajiona mtoto mwema. Hatujafika hata Uvinza akanigusa goti.

"Mwanangu, hizi nyimbo mmezikata."

"Nani kazikata, Baba Mdogo?"

"Nyinyi watu wa kompyuta. Mwimbaji yupo, ngoma ipo, besi ipo. Mpiga solo hayupo."

Nikamwambia labda ni toleo jingine. Akanitazama kama nimemwambia ziwa limehamishwa. Nikambadilishia wimbo. Akasikiliza, akatikisa kichwa: huu nao solo hakuna. Wa tatu solo lipo, ila gitaa la kuitikia limepotea. Nikaanza kuilaumu memori kadi moyoni, maana zile za bei rahisi zinakula mafaili. Uvinza tukapita tukiwa bado tunabishana. Akaanza kuniimbia solo lenyewe kwa mdomo, ti-ri-ri-ti-ri, kidole kinacheza gotini, na mama mmoja aliyekaa mbele yetu na ndoo ya mawese katikati ya miguu akadakia bila kuulizwa: "Mzee anasema kweli, hapo kuna gitaa." Behewa zima sasa linajua kuwa mimi nimekata nyimbo za mzee.

Tulikuwa tumeshaipita Malagarasi nilipoangalia vizuri. Kipande cha kulia kilikuwa sikioni. Cha kushoto alikuwa hana kazi nacho, amekiacha kinaning'inia kifuani kama kifungo kilicholegea. Nikakichukua nikakiweka sikioni kwangu. Solo lote lilikuwa humo. Mpiga gitaa alikuwa ananing'inia kifuani kwake tangu Kigoma, anajipigia peke yake.

Nikampa hicho cha kushoto akiweke kwenye sikio lake la kulia. Uso ukafunguka, akacheka na meno yote. Halafu akakunja uso.

"Sasa mwimbaji kaenda wapi?"

Ndivyo stereo ilivyo. Rekodi imegawanywa njia mbili, ya kulia na ya kushoto, na nyingi za zamani ziligawanywa bila huruma: mwimbaji huku, gitaa kule, kila mmoja kwenye kona yake. Mwenye masikio mawili hazimsumbui, kichwa kinaziunganisha zenyewe. Mwenye moja ananunua wimbo mzima anapewa nusu, tena hajui ni nusu gani. Redio yake ya spika moja ilikuwa inamletea bendi yote pamoja, na mimi kwa wema wangu nikaipasua.

Kuanzia hapo hadi Tabora alikuwa anabadilisha. Mwimbaji akimaliza ubeti, anachomoa cha kulia anaweka cha kushoto, anasikiliza solo, anarudisha. Kaliua, Urambo, Usoke, mikono haitulii. Mama wa mawese akawa anamwashiria kwa kidole: sasa badilisha, gitaa linakuja.

Tuliporudi nilizipeleka iafoni zile kwa fundi wa simu mmoja hapa Mwanga. Huyu fundi ni kijana, ana meza ya ubao na kioo kimoja cha kukuzia. Akakata waya karibu na pini, akaumenya. Ndani ya ule mpira mweusi kuna nyaya nyembamba kama nywele: nyekundu ni ya kulia, ya kijani ni ya kushoto, zenye rangi ya shaba ni za kurudishia umeme, na katikati kuna nyuzi za kitambaa za kuzuia kukatika. Zile rangi ni vanishi, ukiunga hivyohivyo umeme haupiti. Akazipitisha juu ya kibiriti cha gesi mara moja tu, vanishi ikaungua, ncha zikabaki nyekundu za shaba. Akaisokota nyekundu na kijani pamoja, akagusa risasi ya kuungia waya, moshi mwembamba ukapanda, akaweka pini mpya. Elfu nne. Baba Mdogo akavaa palepale, amesimama juani, akafumba macho.

"Huyo," akasema. "Huyo karudi."

Sasa hapa kuna aibu mbili lazima niziseme. Ya kwanza, fundi mwingine alipoona kazi ile alitufokea: kuunganisha njia mbili moja kwa moja ni kuzigonganisha ndani ya simu, ilitakiwa aweke rezista ndogo, kile kipande cha kupunguza umeme, kila upande. Ya pili ni kubwa zaidi. Miezi baadaye mwanafunzi wa sekondari aliyekuja kutoa kopi alinionyesha kuwa simu ile ile, kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, ina kitufe cha sauti ya mono. Unakigusa, pande zote mbili zinachanganywa, kila sikio linapata wimbo mzima. Bure. Kilikuwemo siku zote. Mimi ninayejaza memori kadi za mtaa mzima nilikuwa sijawahi kufika huko chini.

Basi, nikadhani yameisha. Za elfu tatu zinatosha, na kitufe. Ningeweza kuishia hapa na msimamo wangu ukabaki salama.

Ila za elfu tatu zinakufa. Zinakufia pale pale, karibu na pini, waya unapokunjwa mfukoni. Mwaka ule mmoja Baba Mdogo alimaliza sita. Zidisha: elfu kumi na nane, ongeza elfu nne za fundi, elfu ishirini na mbili. Na sikumchaji zote, kwa hiyo hasara ilikuwa yangu, labda ndiyo maana naikumbuka vizuri.

Tena kulikuwa na jambo baya kuliko hela. Vile vimpira vya ncha huwa vinakuja saizi tatu kwenye kifuko, na watu wanatupa kifuko pamoja na saizi mbili zisizovaliwa. Kimpira kisipobana, besi inatoka nje na kelele ya nje inaingia, kwa hiyo mtu anaongeza sauti. Za elfu tatu hata kifuko hazina. Nilimkuta Baba Mdogo barazani simu imepandishwa mpaka mwisho, mimi nimesimama hatua tatu nausikia wimbo. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) sikio linaivumilia saa 40 kwa wiki, ikifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Mwenye masikio mawili akiliharibu moja bado ana akiba. Mzee huyu anacheza kamari na la mwisho.

Hapo ndipo niliponunua, kwa hela yangu, zile kubwa zinazofunika sikio lote, zimefungwa nyuma, zenye mito ya sponji na waya unaochomoka ili ukikatika ubadilishe waya peke yake. Elfu ishirini na nane baada ya kuombana. Mito ikishaziba, sauti ya nusu inamtosha. Muuzaji alinionyesha boksi limeandikwa 20 Hz mpaka 20 kHz kama ni muujiza. Hiyo ni masafa ya sikio la binadamu mwenye afya, wanaiandika kwenye kila boksi, haikuambii kitu. Cha kuangalia ni omu, kipimo cha jinsi hedifoni zinavyoukinza umeme wa simu: kama 32 hivi simu inaziendesha bila shida. Zile za studio za omu 250 simu itazinong'oneza tu. Na msidanganywe na neno la kuzuia kelele kwa bei hiyo. Zile za kweli zina maikrofoni za kusikiliza kelele ya nje na kuipinga, zinaweza sana mngurumo wa injini, hazifui dafu kwa mtoto anayelia, na bei yake kwa kawaida iko juu ya elfu thelathini.

Za blututhi? Nitasema haki: baadhi ya zile za vipande viwili, ukivaa kimoja peke yake, kinakupa wimbo wote. Kwa mtu kama Baba Mdogo hilo ni jambo. Lakini zinataka chaji, betri yake ikichoka hakuna fundi Mwanga atakayeifungua, na kipande kimoja kikidondoka mtumbwini pale Kibirizi kimeenda kuishi na samaki migebuka.

Ila na zile kubwa zina lao. Mtu wa sikio moja ukimziba hilo moja umemwondoa duniani. Wiki ya kwanza alizivaa akienda dukani, bodaboda ikampigia honi mpaka dereva akachoka, ikapita imemgusa kanzu. Sasa anavaa akiwa amekaa tu, barazani, mgongo ukutani, uso njiani, ili kila anayekuja aje mbele yake. Hilo alilipanga mwenyewe, hakuambiwa.

Na Mama Mdogo naye akanuna. Mimi nilidhani amefurahi kelele kupungua. Siku moja ananipakulia chakula akasema, kama anaongea na sufuria: "Zamani rumba lilikuwa la nyumba nzima." Miaka yote ile redio ikiwa begani kwa mzee, yeye jikoni alikuwa anasikiliza pia, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Wajapani waliliona hili mapema kuliko mimi: Walkman ya kwanza ya Sony, mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili wawili wasikilize pamoja.

Kwa hiyo jibu langu, nikiwa nimejisaliti mwenyewe na kioo changu cha mbele: tumia elfu thelathini yote. Za waya, za kufunika sikio, zenye waya unaochomoka, elfu ishirini na nane. Elfu mbili inayobaki nunua kile kipande cha pini moja chenye matundu mawili, kinauzwa dukani kwangu na kwa wenzangu. Hii ni kama simu yako bado ina tundu. Kama haina, ongeza ya adapta, na bajeti yenu imevunjika. Kama unatembea sana barabarani, rudi kwenye za elfu tano, vaa moja. Kama una mtoto mdogo anayetafuna waya, sijui nikwambie nini.

Mama Mdogo nimempa za elfu tatu, amechomeka tundu la pili. Jana nilipopita walikuwa barazani wote wawili, mgongo ukutani. Mama Mdogo analalamika kuwa tangu wagawane sauti imepungua. Ni kweli imepungua kidogo, simu sasa inasukuma mizigo miwili. Mzee hataki kuongeza. Na saa mbili usiku bado wanagombana, mmoja anataka taarifa ya habari.